Barua Iliyosalimia Mno

Siku niliyomkatalia Mama Furaha asisome barua yangu bado inaniuma, mwanangu, ingawa sasa naweza kuicheka.

Mvua ya mawe ilikuwa imesaga maharagwe yetu yote hapa Mushaki, Kongo, na wageni waliokuwa wakigawa mbegu walijua Kiingereza tu. Wazee wakanichagua mimi niwaandikie wageni hao barua ya kuomba mbegu, kwa kuwa nilikuwa na diplome, cheti cha kumaliza sekondari, na kujigamba nilijigamba nayo kweli. Nikafikiri kwa Kifaransa, nikageuza neno moja moja: heshima juu ya heshima, sentensi zisizo na pumzi. Mbegu nikazitaja chini kabisa, ukurasa wa pili.

Mama Furaha aliuza chumvi sokoni. Shule aliiacha mapema, lakini alikaa Uganda miaka mingi akifanya biashara kwa Kiingereza. Akanyoosha mkono.

"Leta nisome, mutoto wangu."

"Mama, uko na diplome?" nikamjibu mbele za watu. Ujinga mtupu!

Baada ya siku chache wageni wakajibu: walishukuru kwa salamu zetu nzuri, wakatutakia heri. Basi. Msimu wa kupanda ulikuwa unapita, na mama yangu alikuwa ameshalima shamba zima. Niliona aibu.

Nikarudi kwa Mama Furaha. Hakunitukana.

"Tuko naomba nini?" aliuliza.

"Mbegu ya maharagi, Mama."

"Njo uandike hiyo kwanza. Salamu iwe fupi. Mambo ya Kifaransa uachie Kifaransa."

Akafuta makosa yangu moja baada ya jingine, tukabaki na mistari sita. Mbegu zilifika udongo ukiwa bado na maji. Mama Furaha ndiye aliyezigawa, na mimi nikamshikia gunia mbele ya watu wale wale.

Mwanangu, wewe unayeandika Kiingereza kwenye simu kutafuta kazi, kwanza jua unachotaka. Kiseme kwa lugha ya nyumbani, kisha kiandike kwa sentensi fupi. Usikivalishe Kifaransa nguo za Kiingereza. Na kabla ya kutuma, mpe anayejua akusomee, wala usimuulize alisomea wapi. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo unaokubali kukosolewa, na kila utakachoomba kieleweke mara ya kwanza.