Kichuguu cha Mama Muhonja

Mvua ya kwanza ya vuli ikigusa udongo, watu hunusa na kutabasamu. Mimi hununa. Nivumilieni niwaeleze sababu.

Nilikuwa na miaka tisa baba, aliyekuwa karani wa serikali mjini Kakamega, alipopata uhamisho wa kwenda Garissa. Sikuwa nimewahi kuujali msimu ule: ngurumo za saa nane, mvua ya mawe juu ya mabati, mahindi ya kuchoma barazani. Wiki ya kufunga mizigo ndipo nilipouona uzuri wake, na uzuri wenyewe ukanikasirisha. Kwa nini uwe mtamu sasa?

Hasira yangu ilimwangukia jirani yetu, Mama Muhonja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu. Kila vuli yeye na mama walikifunika kwa blanketi, wakagonga vijiti chini hadi kumbikumbi wakadhani mvua inanyesha, wakatoka wenyewe. Tuliwakaanga kwa chumvi, tukawala na obusuma, ugali wa kwetu. Sasa kila siku alikuwa mlangoni: "Mama Linet, mtatokanga lini kabisa? Asubuhi ama mchana?" Akufukuzaye hakwambii toka. Nikaamua kwamba mwanamke huyu anangoja tuondoke abaki na kichuguu peke yake. Basi jioni ya mwisho nikachukua mafuta ya taa ya stovu, nikayamimina katika kila tundu. Nililala usingizi mzuri, sitawadanganya.

Kesho yake, lori likipakiwa, nikamkuta Mama Muhonja amepiga magoti kwenye matope, anagonga vijiti. Kando yake kulikuwa na kopo tupu, limesuguliwa likang'aa.

"Nilitaka mbebe za njia," akaniambia bila kugeuka. "Huko jangwani mtazitoa wapi?"

Akagonga, akagonga. Hakutoka hata mmoja. Akainama kwenye tundu, akanusa, kisha akanitazama kwa muda mrefu.

Mama alipokuja kumuaga, akamwambia tu, "Zimekataa kutoka leo, Mama Linet. Ni hii baridi."

Niliona amenisitiri, nikamchukia zaidi kwa hilo. Nilikuwa tayari nimepata watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba hakunisitiri mimi. Alitaka mama aondoke Kakamega bila aibu, wakiwa bado marafiki. Hadi leo mama husema hajapata tena jirani kama yule, na mimi huitikia, "Kweli, mama." Sijawahi kumwambia.