Mwenyekiti na Mashine ya Hewa

Mwenyekiti wetu alirudi kutoka semina ya Geita na mkeka wa mpira ameuviringisha kwapani, na mwendo wa polepole ambao hakuondoka nao. Alichofundishwa nakijua, kwa sababu na mimi nilikuwepo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wachimbaji wadogo huku upande wa Kharumwa. Zamani nilifundisha shule ya msingi, na watu wa mgodini walinichagua kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mradi fulani ulitualika viongozi wa vikundi tukafundishwe utulivu wa akili.

Siku mbili tulikaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, tumevua viatu. Mwezeshaji alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Alitutaka tulale chali, tufumbe macho, tuhesabu pumzi zetu. Alisema kiongozi mzuri halijibu jambo papo kwa papo, kwanza anarudi ndani ya nafsi yake. Alisema mawazo ni mawingu, tuyatazame tu yakipita. Nililala pale nimeibana kanga yangu kwa magoti, pembeni yangu mzee wa kikundi kingine anakoroma, nikawafikiria wakulima wa mpunga wa kwetu. Hakuna hata mmoja anayetabasamu akiona wingu linapita bila kumwaga.

Sikumchukia yule binti. Alikuwa kazini, na kazi yake aliifanya kwa adabu. Niliyemdharau ni mwenyekiti, aliyeandika kila neno kwenye daftari na kulipigia mstari. Miaka mingi alikuwa mtu wa kuketi kivulini na simu mbili, jambo likiletwa kwake analisukuma mbele mpaka lichoke lenyewe. Sasa alikuwa amepewa jina zuri la uvivu wake.

Jumatatu iliyofuata alianzisha mazoezi. Kila asubuhi, kabla ya watu kushuka kwenye duara, yaani shimo letu la dhahabu, aliwasimamisha mviringo na mabuti yao na kofia ngumu. Vuta, shikilia, achia. Siku ya kwanza mchimbaji mmoja alidhani ni sala, akafanya ishara ya msalaba. Walitii kwa sababu hakuna anayetaka ugomvi na mwenyekiti asubuhi, lakini niliwaona wakitazamana.

Nieleze kidogo kuhusu lile duara. Ni refu kiasi kwamba ukidondosha kokoto unasubiri kusikia ilipofika. Kule chini hakuna hewa ya kutosha. Hewa inashushwa kwa bomba la plastiki, inasukumwa na mashine iliyoko juu. Ikizima, watu hupandishwa haraka, hakuna mjadala. Hao ndio watu ambao mwenyekiti aliona wafundishwe kuvuta pumzi.

Wiki ile mashine ilianza kukohoa. Msimamizi wa duara, Msukuma wa makamo aliyeshinda chini ya ardhi nusu ya maisha yake, alikuja kutoa taarifa. Alisimama kwa heshima, akaamkia, akaeleza kwamba mkanda umelegea na hewa inafika kidogo. Mwenyekiti akafumba macho. Akaweka mikono mapajani, akavuta pumzi, akaishikilia. Msimamizi alisubiri. Mwishowe akaniinamia na kuniuliza taratibu kama mwenyekiti ana sukari, akamtafutie soda. Nikamwambia hapana, anatafakari.

Msimamizi alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Kila mara alipata macho yaliyofumbwa na ahadi ya kulitazama jambo hilo kwa utulivu. Kwenye kitabu cha kumbukumbu niliandika kwamba mwenyekiti alipokea taarifa. Ndivyo nilivyoandika mimi, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Siku ya nne msimamizi hakuja ofisini. Aliwakalisha watu wake chini kando ya duara na kuwaambia hakuna anayeshuka. Mwenyekiti akafuata, nami nyuma yake na kitabu changu.

"Una hasira, mzee wangu," mwenyekiti alimwambia kwa ile sauti mpya aliyoiokota Geita. "Hasira inamaliza hewa. Wafundishe watu wako kuvuta kidogo kidogo, itatosha."

Msimamizi akaiokota kamba. "Basi tangulia wewe, mwenyekiti," alisema. "Utuonyeshe."

Angeweza kukataa. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na nadhani sehemu ya moyo wake iliyaamini yale aliyokuwa anayasema. Akavua saa, akanikabidhi. Wakamfunga kamba, wakamvika kofia, wakaanza kumteremsha. Tumbo lake lilikwaruza magogo ya mdomo wa duara. Nikamsikia msimamizi akiwaambia walioshika kamba kwa Kisukuma wasimfikishe chini, waishie nusu.

Hakukaa. Kamba ilitikiswa, ikatikiswa tena kwa fujo, wakamvuta. Alitoka rangi yake imekuwa ya majivu, shati limelowa, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka kwenye nyasi, mdomo wazi. Hakuhesabu pumzi hata moja. Msimamizi alimpepea kwa kofia yake na kumfungua vifungo vya shati. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, na saa yake ilikuwa mkononi mwangu, ikaniponyoka mchangani.

Kabla ya saa tisa alasiri mwenyekiti alikuwa ameenda Kharumwa kwa bodaboda na kurudi na fundi. Mashine ikapona.

Mwezi uliofuata msimamizi aliacha kazi. Alipita kwangu kuaga, akasema anakwenda Maganzo kutafuta almasi. Huko mashimo ni mafupi. "Mayu, siwezi kuomba upepo kila siku," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, akanishukuru kwa lugha hiyo hiyo kwa jambo ambalo sikumbuki kulifanya.

Kisha tukaitwa tena, safari hii Shinyanga mjini, viongozi watoe ushuhuda. Mwenyekiti alisimama na kusimulia jinsi alivyoamua mwenyewe kushuka kwenye duara ili awe karibu na watu wake, na jinsi alivyoikuta huko chini amani ambayo hajawahi kuiona, akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Yule binti wa Dar es Salaam alifuta machozi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mama aliyeketi jirani yangu alinigusa bega, akaniuliza kama ni kweli alishuka.

"Alishuka," nikamjibu, nikaendelea kupiga makofi.