Nani Amshike Nani

Mke wangu alivuka mpaka kwenda Kampala na binti yetu vita ilipoingia mjini, mimi nikabaki mtaani kwetu Mapendo nichunge nyumba. Nyumba yenyewe haina cha kuchungwa: kitanda, sufuria mbili, na meza ninayolia chakula peke yangu nikitazama ukuta. Watu wakiniuliza habari ninasema tunasukuma tu. Uongo mtupu. Upweke ulikuwa unanila vibaya.

Kazi ndiyo iliyoniponya kidogo. Biro yetu, yaani ofisi, ni chumba kimoja cha mbao juu ya mawe ya volkano, na kazi yake ni kuwatafutia watu jamaa waliopotezana nao njiani. Programu ya kutafutia niliiandika mwenyewe kwa Perl, lugha ya kompyuta ambayo vijana wa siku hizi wanaicheka. Na wacheke. Mimi ninaipenda kwa sababu haitupi kitu ovyo. Jina ulilokipa kitu ndani ya mabano linakufa mabano yakifungwa, lakini kitu chenyewe kinaishi maadamu kuna kingine kinachokishika. Perl inahesabu mikono. Mkono wa mwisho ukiachia, kitu kinatupwa palepale.

Sasa huku kwetu humujui mutu mpaka ujue ni mutoto ya nani. Kwa hiyo niliandika kila mama amshike mtoto wake, na kila mtoto amshike mama yake. Niliona ni heshima. Kumbe wawili wakishikana hivyo hesabu haifiki sifuri hata siku moja. Nikishamaliza nao wanabaki wamekumbatiana ndani ya mashini, na wengine wanarundikana juu yao. Kila mchana kumbukumbu ilijaa, mashini ikaganda, na watu wamepanga mstari uani kwenye jua.

Dawa yake ipo: unaulegeza mkono mmoja, uguse bila kuhesabiwa. Lakini mkono wa nani? Wala sikujiuliza. Kwetu mtoto ndiye anayemtafuta mzazi. Yeye anaanza salamu, yeye anapiga simu, mzazi anangoja kwenye kiti chake. Ndivyo nilivyolelewa. Na ndivyo nilivyokuwa ninangoja simu za binti yangu, ambazo zilianza kupungua, halafu zikanyamaza kabisa, na mimi na kiburi changu sikupiga. Basi nikauacha mkono wa mtoto na nguvu zake, nikaulegeza wa mama.

Asubuhi iliyofuata wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja aliyempoteza mwanawe siku kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilipotawanyika. Alikuwa anakuja kila Ijumaa. Habari aliyokuwa nayo ni moja tu: dereva wa lori alimwona kijana huko Rumangabo, akatueleza nguo alizovaa na kovu la shavuni. Dereva huyo hatukumpata tena. Nilifungua ukurasa wa mama, jina lake likatokea. Chini yake, mahali pa mtoto, palikuwa peupe.

Mabano yalipofungwa, hakuna aliyekuwa amemshika kijana kwa mkono unaohesabiwa. Yeye alimshika mama yake kwa nguvu zote, lakini kushika siyo kushikwa. Na programu yangu, ukifunga ukurasa, inaandika kwenye faili kile inachokiona. Ningeufunga, kijana angefutika na kovu lake na Rumangabo yake, maana nakala yetu ya akiba ya mwisho ilikuwa ya kabla mama huyu hajaja.

"Papa," aliuliza polepole, "mutoto yangu mumemufuta?"

Nikasema hapana, nikapiga magoti chini ya meza, nikachomoa waya wa kuran ili umeme ukatike kabla programu haijaandika kitu. Kioo kikawa cheusi. Nilimwomba angoje, sikumweleza kitu, ningeanzia wapi? Nilipowasha tena nilirekebisha mistari michache: mama ashike kwa nguvu, mtoto aguse tu. Nikafungua ukurasa. Kijana alikuwepo, na kovu lake, na Rumangabo.

Mama aliweka kidole juu ya jina lile. Habari mpya sikuwa nayo, lakini alinishukuru mpaka nikaona haya. Halafu akaniuliza kama na mimi niko na watoto. Nikasema mmoja, yuko Kampala. Akauliza kama ninamupigiaka simu. Nikasema ninangoja apige yeye, si ndiye mtoto.

Alinitazama, wala hakucheka.

"Wewe ndio muzazi, papa. Umushike."

Siku ile mashini haikuganda. Watu walipoisha uani nilifunga biro, nikakaa nje juu ya jiwe, nikampigia binti yangu. Simu iliita mpaka ikakatika. Zamani ningeirudisha mfukoni na kununa. Nikapiga tena.