Jua la Kariakoo na Kipande cha Bi Mwanaidi

Jamani, haya nawaambia ninyi tu, maana mpaka leo nikipita Kariakoo najifunika mtandio hadi puani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imeruhusu bidhaa za nje, mitumba imemwagika mjini, nami ni msaidizi wa maabara (mtaani nilijiita daktari, Mungu anisamehe). Bosi wangu, daktari mmoja mama mkali, alikuwa anachunguza saratani ya tezi ya shingo, anapima protini ambazo chembe za mwili huzitengeneza zikipata shida, ajue kama kwenye uvimbe zimezidi. Siku hiyo mgonjwa wetu, Bi Mwanaidi, alitolewa uvimbe wake, na kabla ya kupasuliwa alinishika mkono akasema, "Kama kitamfaa mwingine, chukueni." Kipande kikatiwa kwenye kopo, kopo kwenye boksi la barafu, nikapewa teksi ya kukifikisha maabara na amri moja: usisimame njiani.

Nikasimama. Niliona wanafungua belo jipya la magauni (na mnajua belo likifunguliwa, anayechelewa anaambulia soksi), nikamwambia dereva anisubiri kidogo tu, nikashuka na boksi langu, nikaliweka chini juani, nikazama kwenye nguo, tunavutana gauni la njano mimi na mama mmoja mwenye nguvu zake. Nyuma yangu mtu akauliza, "Dada, unauza barafu za ukwaju?" Nami bila kugeuka, "Hebu ngoja kwanza!" Hakungoja, akafungua mwenyewe.

"Mamaaa! Nyama ya mtu!"

Hapo ningenyamaza. Mimi nikasema, "Ni ya mtu ndiyo, lakini…" na hiyo lakini hakuna aliyeisikia, watu wakanizoa mpaka kituo cha polisi, gauni bado nimeling'ang'ania, boksi liko wazi, kopo limeinuliwa juu kila mtu alione. Daktari alipofika kunitoa, barafu yote ilikuwa maji.

Polisi walicheka. Daktari hakucheka. "Protini hizi huzidi hata chembe zikipata joto," akasema taratibu. "Sasa nikipima hiki, nitakuwa napima ugonjwa au jua la Kariakoo?" Kikachomwa. Kingine hakikuwepo, maana uvimbe uliobaki ulishatiwa dawa ya kuhifadhia, haukufaa tena kwa kipimo kile.

Jioni nikaenda wodini mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti inakwaruza chini ya bendeji. "Kile changu kilifika?"

Nikamweleza yote, mpaka gauni. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya kituoni, ingawa huku wodini hakuna aliyenipigia kelele. Akanitazama, kisha akageukia ukutani.

"Si ungenirudishia tu," akasema, "nikakizike."

Tangu siku hiyo nikibeba cha mtu sishuki njiani, hata wagawe magauni bure. Na rangi ya njano sijaivaa tena.