Isale Siku ya Mamajusi

Mimi ni kitindamimba, na kwetu Uchaggani kitindamimba hurithi kihamba cha wazazi, yaani nyumba na shamba lake la migomba. Watu husema hiyo ni bahati. Hawasemi kwamba unarithi na ng'ombe wa kukatiwa majani kila siku, kahawa isiyo na bei, na mama aliyepofuka macho.

Kaka yangu, mfanyabiashara wa Dar, alikuwa ameniahidi: "Krismasi ijayo nitamchukua mama, na wewe uende zako Arusha ukajifunze ufundi wa magari." Rafiki yangu alikuwa ameshanitafutia nafasi gereji. Mwaka mzima niliishi kwa ahadi hiyo, na begi langu lilikaa tayari chini ya kitanda.

Asubuhi ya sikukuu ya Tokeo la Bwana, kabla ya Misa, kaka alinifuata zizini. Mkononi alishika jani la isale, limefungwa fundo.

"Mdogo wangu, nimekukosea," alisema. "Shemeji yako amekataa. Na mama hawezi kuzoea joto la Dar. Nisamehe."

Nilitamani kumpiga kwa koleo la samadi. Lakini kwetu, anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Akikataa, laana ni yake. Kaka, aliyejifanya mtu wa mjini miaka yote, alilikumbuka jani hilo siku lilipomfaa. Mkono wangu ulilipokea, moyo ukabaki nyuma.

Kanisani padre alihubiri habari za Mamajusi: walimtafuta Mtoto kwanza kwenye jumba la mfalme, wakamkuta kwingine, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Nilicheka peke yangu, cheko la uchungu. Wenzangu hao walikuwa na njia mbili. Mimi nilikuwa na moja, ya kutoka jikoni kwenda zizini. Nilimwuliza Yesu yuko wapi, na sikuuliza kwa adabu.

Mchana kaka alijaza pikapu ndizi na maparachichi, akamwachia mama blanketi na sukari, akaondoka. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akilipapasa lile blanketi.

"Wale Mamajusi walitoa zawadi wakaenda zao," alisema. "Nani alibaki kumlea Mtoto?"

"Mama yake," nilijibu kwa mkato.

"Na Yusufu. Naye hakuulizwa kama anataka."

Nilichochea moto. Alinyoosha mkono mpaka ukaufikia uso wangu.

"Juzi nilikuwa natafuta kandambili chini ya vitanda, nikaligusa begi lako. Nenda, mwanangu. Nitakubariki. Ila kabla hujaenda, nionyeshe maziwa unaweka wapi, niwe nayafikia."

Kama angelia, au angenilaumu, ningeondoka jioni ile ile, kuwe na isale, kusiwe na isale. Lakini aliomba kuonyeshwa maziwa tu. Nilimtazama, yale macho meupe yameelekea pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa, mikono imetulia magotini, na nikajua nani alikuwa ameketi pale kwenye kigoda. Mamajusi walifurahi walipomwona Mtoto. Mimi nilimtambua, na sikufurahi hata kidogo.

Nikamimina maziwa kikombeni, nikamshikisha kwa mikono yote miwili. Kisha nikachukua panga nikaenda kukata majani ya ng'ombe.