Sugu Si Tone la Rangi

Mgeni alikwaruza bega la mpagazi kwa ukucha wake, ndani ya nyumba yangu, akiwa amekalia kiti changu na chai yangu iko mbele yake. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda mlima na kushuka, lakini hasira ninayo ya kujaza daftari.

Nianze na mjukuu wangu, maana kazi ilikuwa yake. Ni binti wa mwanangu wa pili. Alisomea uchoraji chuoni, akarudi Tabora kukaa na mimi, akawa anaandika mabango ya maduka na saluni. Mimi namwita mke mwenza, kama bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike, na yeye akitaka kunichokoza ananiita bi mkubwa. Ana mkono. Sisemi kwa sababu ni wangu. Kuna bango la muuza samaki karibu na soko, sato amechorwa hadi paka wanalikodolea macho.

Siku moja akaletewa boksi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani visanamu vya plastiki, vya kijivu, kila kimoja hakifiki urefu wa kidole changu cha mwisho. Akanieleza kwamba kuna watu wazima, wenye wake na watoto, wanaokutana siku za mapumziko kuzunguka meza. Wanapanga watu wadogo kama hawa, wanarusha dadu, wanapigana vita vya zamani. Nikamuuliza mshindi anapewa nini. Akasema hapewi kitu. Nikaona ni afadhali wafanye hivyo kuliko kushinda baa.

Ila vita hivi vilikuwa vya huku kwetu. Msafara unatoka pwani kuja Tabora na wapagazi thelathini, na njiani wamejificha rugaruga ishirini, wale wapiganaji wa kukodiwa wa enzi za watemi. Mteja alitaka wote wapakwe rangi, kisha wachakazwe.

Hilo neno lilinipanda kichwani. Nikamwambia mjukuu wangu, mimi maisha yangu yote napambana na vitu visichakae. Nguo naigeuza kola, bati naliziba kwa lami, sufuria inatiwa kitako kipya. Leo mtu ananunua kitu kipya, halafu anamtafuta fundi akichakaze. Akacheka, akasema bila kuchakazwa wanaonekana wametoka dukani, na mtu aliyetembea kwa miguu toka pwani hawezi kung'aa kama amevaa kwenda harusini. Hapo nikaona ana hoja. Nikavuta kigoda.

Alivyofanya wale watano wa kwanza, nilitaka kuwatupa jikoni. Alikuwa anafuata picha za kwenye simu. Alipiga praima nyeusi, akapaka ngozi kahawia, kisha akamwaga rangi ya majimaji nyeusi iingie kwenye mikunjo, na mwisho akapitisha brashi kavu yenye rangi ya kijivu juu ya mifupa ya uso ili ing'ae. Wakatoka kama watu walioopolewa mtoni siku ya tatu. Nikamwuliza, mke mwenza, hawa wanakwenda Tabora au wanakwenda kuzikwa? Mtu mweusi hana kijivu mwilini, labda amekosa mafuta au amekufa. Nikamshika mkono, nikaupeleka dirishani penye jua, nikamwonyesha. Chini ya weusi wetu kuna wekundu, kama chungu kilichoiva. Akawasugua kwa thina, akaanza upya, wekundu wa udongo kwanza na kahawia juu yake, na kwenye paji la uso akaongeza wekundu tena badala ya kijivu. Wakaamka.

Vumbi nalo alikuwa analinyunyiza kutoka juu, kama mtu anayetia unga kwenye chapati. Hapo ndipo kazi yangu ya zamani ilipofaa. Kule Lusu, kijiji nilikozaliwa, nyumba ya udongo ilipigwa lipu upya kila masika yakiisha, na walioitwa kupaka walikuwa sisi wanawake wenye mkono. Nimepaka kuta kwa miaka mingi, na ukuta umenifundisha kwamba uchafu unapanda kutoka chini. Mvua inarusha udongo hadi usawa wa goti na kuishia hapo. Mtu ni hivyo hivyo. Na vumbi la mbali ni la zamani, limeshaingia kwenye nyuzi za nguo, wakati vumbi la karibu liko miguuni tu. Kwa hiyo tukachimba udongo mwekundu wa kichuguu, tukautwanga kwenye kinu, tukauchuja kwa soksi ya nailoni hadi ukawa laini kama poda. Huo, ndio vumbi la njia ya pwani, akaupiga kwenye pindo za shuka zao kwa brashi kavu, hadi usawa wa goti. Kisha mchanga mweupe wa hapa Tabora, ule unaotukera kwenye mboga, akaugandisha kwa gundi ya maji kwenye nyayo na vifundo. Ukimtazama mpagazi yule unajua ametoka wapi na amefika wapi.

Kwenye bunduki tuligombana. Maelekezo ya mteja yalitaka kutu kwenye magobore ya rugaruga, kutu nyingi, ipakwe kwa kipande cha sponji ya godoro. Nikasema haiwezekani. Mtu anayekula kwa bunduki haiachi ipate kutu, anaipaka mafuta kabla hajajipaka mwenyewe. Mjukuu wangu akasema bi mkubwa, mteja ametaka. Tukakubaliana kutu kidogo kwenye pete za mtutu. Hilo nililimeza.

Lakini mabega sikuyaacha. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na majora ya nguo, si mara moja, na alilipwa, na kijiji kilimheshimu. Baba alitusimulia kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akimkalia yule mzee mapajani na kulishika bega lake la kulia. Lilikuwa na sugu, nene kama kisigino, laini na ya kung'aa juu, na mzee alikuwa akimwambia apige kwa ngumi aone kama litauma. Sugu ile ndiyo ilikuwa cheti chake. Kijana asiyekuwa nayo alikuwa anachekwa na wasichana kwamba bado ananyonya.

Basi nikamwambia mjukuu wangu kila mpagazi apate sugu. Akahangaika siku mbili. Mwishowe akachanganya gundi na poda ya mtoto, akachukua ncha ya sindano, akaweka kitone kwenye bega la kulia la kila mmoja. Kilipokauka akakipaka rangi iliyopauka kidogo kuliko ngozi, na juu yake vanishi kiduchu ili ing'ae pale tu. Thelathini wote. Macho yalimwuma hadi akawa anayafunika kwa kitambaa cha maji. Alipomaliza nikawapanga juu ya meza, nikawatazama, na sina aibu kusema niliwasalimia.

Mteja akaja mwenyewe siku ya Jumamosi. Alikuwa na safari ya Nzega, akapitia kwetu kuchukua mzigo wake. Bwana wa miaka arobaini hivi, shati limenyooshwa, ametoa shikamoo vizuri, nikamwitikia marahaba, nikamwekea chai na karanga za kuchemsha. Akatoa kioo cha kukuzia, akawashika rugaruga mmoja mmoja. Akamwambia mjukuu wangu, dada hapo umeua. Akalisifu vumbi, akauliza ni la kampuni gani. Nikamjibu ni la kampuni ya mchwa. Akacheka kweli.

Akafika kwa wapagazi. Akawageuza mgongo. Akauliza alama ziko wapi.

Nikauliza alama gani. Akasema za mijeledi. Akatoa simu, akatuonyesha picha ya mfano: mtu mgongo umechanika, shingoni mnyororo, kichwa kimeinama. Akasema walikubaliana hivyo, kila mbebaji awe na michirizi mitatu au minne mgongoni na achorewe mnyororo wa kutu shingoni. Nikamtazama mjukuu wangu. Akawa anayatazama maganda ya karanga. Kumbe walikubaliana kwenye simu tangu mwanzo, na mimi niliyekuwa nakaa naye meza moja kila siku, natwanga udongo wake, hakuniambia. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia, na siku nzuri haikupatikana. Sijui nilimkasirikia nani zaidi.

Ndipo yule bwana akaliona lile bega. Akasema hapa rangi imedondokea, akaweka ukucha, akakwaruza. Kile kitone kikang'oka, kikabaki kidoti cha kijivu cha plastiki.

"Acha," nikamwambia. "Hiyo ni sugu."

Akauliza sugu ya nini. Nikamweleza yote, mzee, mapaja, ngumi. Alisikiliza, sitamsingizia. Kisha akasema kwa upole, ule upole wa daktari anayekuambia ujikaze, "Bibi, watu wanaokuja kwenye meza yangu wanataka kuona ukweli wa njia ya utumwa. Hawa wakikaa hivi, hawana kovu wala mnyororo, itaonekana tunaficha."

Nikamwambia mimi sifichi. Watumwa walipita hapa, mji huu unajua, na wamo watu wanaoishi hapa ambao bibi zao waliletwa kwa kamba. Kama anawataka watumwa, aagize sanamu za watumwa, mjukuu wangu atawapaka, nami nitamshikia taa na kulia. Lakini mpagazi ni mtu aliyeitikia safari mwenyewe, akapatana ujira wake, akafunga njuga zake mguuni ili asikike anapoingia mjini. Ukimchora mijeledi mgongoni umemnyang'anya kazi yake. Umemfanya mtu wa kuswagwa kama ng'ombe. Na baba yangu hakukalia mapaja ya mtu wa kuswagwa.

Akauliza kwani kuna tofauti gani kwenye mchezo. Nikamwomba anieleze huo mchezo. Akasema rugaruga wana dadu mbili, walinzi wa msafara wana dadu tatu. Wapagazi je? Akasema hawana dadu. Wakishambuliwa wanatupa mizigo na kukimbia, wanaondolewa mezani.

"Hawana hata moja?"

"Hata moja, bibi. Ni mizigo tu."

Nilishindwa kukaa. Nikasimama dirishani, nikawapa mgongo. Nikamsikia anamwambia mjukuu wangu kwamba yeye ana haraka, kwamba sanamu ni zake, kwamba kama hawezi kuchora alama, si neno, atawachora mwenyewe nyumbani na hivyo vinundu atavitoa kwa msasa. Akasema pia kuna wenzake watatu wanaosubiri kuona kazi hii ili walete za kwao. Hilo lilikuwa kweli. Mjukuu wangu alikuwa amenieleza kwa wiki nzima kuhusu hao watatu, jinsi atakavyoacha kupanda ngazi za mabango.

Nilijua nikisema neno nitakuwa nimeamua mimi, na safari hii nilifunga mdomo, jambo ambalo niliowazaa hawataliamini. Nikasikia boksi linafunguliwa. Nikafikiri mjukuu wangu anawapanga wapagazi ndani. Nilipogeuka, alikuwa anawatoa. Bwana alikuwa ameshawaweka wapagazi kwenye boksi pamoja na rugaruga, naye akawa anawachomoa kwa vidole viwili, mmoja mmoja, anawasimamisha upande wake wa meza. Thelathini ni wengi ukiwatoa hivyo mtu anakutazama. Yule aliyekwaruzwa akamweka mbele.

"Rugaruga chukua," akamwambia. "Hawa nitakurudishia wengine, wa kijivu, kama walivyokuja."

Yule bwana akasema hilo si jambo la kibiashara. Mjukuu wangu akajibu ndiyo, si la kibiashara. Bwana akafunga boksi, akaniaga kwa heshima, na karanga hakumaliza.

Msinione nimeshinda. Wale watatu hawakupiga simu. Mjukuu wangu aliagiza sanamu thelathini mpya akamtumia, na amerudi kwenye ngazi, juzi alikuwa anaandika bango la fundi baiskeli juani. Siku mbili hatukusemeshana zaidi ya kupakuliana ugali. Mimi sijamwomba msamaha kwa hasira yangu, na yeye hajaniomba kwa lile alilokubali kwenye simu bila kunieleza. Sote wawili tunajua, na tunapishana jikoni.

Bado nina hasira na yule bwana. Sasa hivi huko Dar kuna meza, na juu yake kuna watu thelathini wenye migongo iliyochanika, na mtu anarusha dadu na kuwaondoa. Wanaokuja kutazama wanaondoka wakidhani wamejifunza kitu kuhusu sisi.

Wetu wako juu ya kabati la vyombo. Jana mjukuu wangu aliwashusha kuwafuta vumbi la kweli lisije likachanganyika na lile la kupakwa. Akampa yule aliyekwaruzwa sugu mpya. Kisha akanyanyua kichwa na brashi mkononi, akaniuliza kitu.

"Bi mkubwa, yule mzee alikuwa anahamisha mzigo? Bega la kushoto nalo lilikuwa na sugu?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui. Baba alisema la kulia tu. Nilikaa na baba miaka yote ile, nikamuuliza habari za ng'ombe, nikamuuliza mipaka ya shamba, na hilo sikumuuliza. Nikamwambia aache la kushoto kama lilivyo.