Mlango wa Wadi ya Sita

Usingizi wa mchana wa mtoto ulikuwa wa dakika arobaini, ukizidi sana hamsini. Ndani ya dakika hizo ilibidi mama yake, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aache cherehani, aingie hospitalini, amkwepe Matroni na aifikie simu ya ukutani, maana bila kufika kwenye ile simu gemu halihifadhi kitu. Wiki ya pili hiyo, hajafika.

Gemu lenyewe lilikuwa la kizamani, la mashine ambayo siku hizi mafundi wanaikataa kabla hujaitoa mfukoni. Ilisoma diski ikilazwa chali tu, kama kobe aliyepinduliwa. Maandishi ya gemu yalikuwa ya kigeni, wala hakuna aliyeyajua. Msichana yumo ndani ya hospitali iliyohamwa, hana silaha, ana tochi tu, na Matroni anazunguka korido akiburuta funguo. Ukizisikia, unaingia chini ya kitanda na kubana pumzi. Wauza diski wengi hawajawahi kulisikia, ila aliyelicheza halimtoki. Fundi na kaka yake walilizungumzia kama nyumba waliyokulia.

Ila enzi zile padi ya kuchezea ilikuwa ya kaka. Kazi ya Fundi ilikuwa kuchora ramani, na kupunguza sauti mama yao akipita. Kila walipofika mlango wa wadi ya sita, kaka alimgeuza msichana. "Huu haufunguki, nimeshajaribu." Wakarudi nyuma, miaka nenda miaka rudi. Sasa kaka ni dereva wa lori, na mashine amemwachia mdogo wake. Fundi alitaka jambo moja tu: kulimaliza gemu kwa mikono yake mwenyewe kabla lenzi ya kusomea diski haijafa. Nayo ilikuwa njiani kufa. Kila siku mashine ilikohoa zaidi kabla ya kusoma.

Jumatatu mtoto aliamka Matroni akiwa korido ya pili. Jumanne umeme ulikatika. Jumatano mama mkwe alipita kusalimia, akaikuta mashine imelala chali, akaigeuza.

"Nimekuwekea vizuri, mwanangu. Ilikuwa imeanguka."

"Asante, mama," alisema Fundi, akaenda jikoni akang'ata kitambaa cha sahani.

Alhamisi alimpigia kaka.

"Wadi ya sita inafunguliwa na nini?"

"Bado uko huko, Kadogo? Haufunguki ule."

"Una tundu la ufunguo."

"Hata ukuta wa choo una tundu."

"Na Matroni ana funguo."

"Achana nalo. Cheza gemu la mpira upumzishe moyo."

Hasira zilimpanda Fundi, akakata simu.

Ijumaa alitandaza ramani mpya, iliyochorwa kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaingia wadi ya watoto. Hapo ndipo kaka alipokuwa akikimbia kila siku. Safari hii Fundi alibaki chini ya kitanda. Matroni aliingia. Mlio wa funguo ukakoma. Alikuwa ameziweka mezani, taratibu, kisha akainamia kitanda kidogo cha tatu na kukaa hivyo.

Fundi alimwelewa papo hapo. Yeye mwenyewe huvua bangili kabla ya kumgusa mtoto aliyelala.

Akatambaa. Akazichukua. Hapo hapo mtoto wake akaanza kulia chumbani. Alilisimamisha gemu, akamfuata mbio, akamweka kwenye ziwa, akarudi kuketi na padi chini ya kisigino cha mtoto. Korido ya kwanza, ya pili, Matroni akiwa nyuma yake, jasho likimtiririka. Ufunguo ukaingia. Mlango ukafunguka.

Kioo kikawa cheusi. Ikatokea alama ya simu: safari hii gemu limejihifadhi lenyewe. Kisha picha ya diski, na juu yake tarakimu moja tu: 2.

Aliitoa diski, akaigeuza huku na huku kana kwamba ya pili ingekuwa imejificha mgongoni. Akapiga simu.

"Kuna diski ya pili," alisema.

Upande wa pili lori lilinguruma. "Umefungua?"

"Ulikuwa unajua."

"Nilifungua siku uliyolazwa na surua. Muuzaji alitupatia diski moja tu, na ya pili hakuwa nayo. Ningekwambiaje? Ulikuwa umejaza daftari zima kwa ramani."

"Ukaniacha nichore miaka mitatu mingine."

"Ulikuwa unapenda kuchora."

Fundi alitaka kumtukana, lakini mtoto alikuwa anamtazama mdomoni. Alishusha pumzi.

"Wewe unapita miji yote. Kila duka la diski chakavu, shuka uulize. Ukiipata, usithubutu kuiweka kwenye mashine ya mtu."

"Haya. Lakini mwenzio nilizinyakua kwa bahati, nikashindwa kurudia. Wewe umezipataje zile funguo?"

"Lete diski kwanza," alisema Fundi, akairudisha mashine chali na kuifunika kwa kipande cha kitambaa.